Kwa nini magoli 23 siyafichi kwa watoto

Mimi naandika historia ya hoki ya barafu kwa watoto, wale wa miaka 8 mpaka 12 hivi, na watu wazima huwa wananiuliza kama kweli watoto wanahitaji mambo ya zamani kiasi hicho, si uwape tu mastaa wa leo na picha kubwa kubwa yaishe. Hapana jamani. Watoto wanapenda ya kale kutushinda sisi, ila wanayapenda yakiwa na watu ndani yake, watu wanaosikia baridi na njaa na woga, orodha ya nani alichukua kombe mwaka gani haimshiki mtoto hata dakika mbili.

Chukua Dawson City. Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada, alitoa kombe la bingwa wa hoki, ndo hili linaloitwa Kombe la Stanley, mwaka 1892, na miaka ile ya mwanzo timu ikijiona iko fiti ilikuwa inaomba tu kupambana na bingwa. Basi Desemba 1904 vijana wa Dawson City, mji wa wachimba dhahabu kule Yukon, kaskazini huko karibu na Alaska, wakafunga safari kwenda Ottawa, kwa mabingwa wa wakati huo, kulitafuta kombe. Wengine waliondoka kwa miguu, wengine kwa baiskeli, ndiyo, baiskeli kwenye theluji, zaidi ya kilomita 500 kufika tu Whitehorse, miguu imejaa malengelenge. Kutoka hapo treni mpaka Skagway, wakafika meli imeshaondoka saa chache tu zilizopita, wakakaa kusubiri nyingine, meli ikawapeleka Seattle, halafu ndo treni ya kukatiza nchi nzima. Jumla kama kilomita 6,400. Wakaingia Ottawa mechi ya kwanza ikiwa mlangoni, wakaomba isogezwe mbele kidogo wapumzike, wakakataliwa. Tarehe 13 Januari 1905 wakafungwa 9 kwa 2. Siku tatu baadaye wakafungwa 23 kwa 2, na katika hayo 23 mtu mmoja wa Ottawa, Frank McGee, alifunga 14 peke yake, na huyo McGee jicho moja lilikuwa halioni!

Nimeshashauriwa kuimaliza hii stori pale treni inapoingia Ottawa, watu wanashangilia, picha nzuri, kitabu kinafungwa. Sikubali na sitakubali. Ukimkatia mtoto stori hapo umemdanganya, na pia umemnyima sehemu anayoitaka zaidi, maana kila nikisoma sura hii mbele ya watoto hakuna anayemuulizia McGee, wanamuulizia kipa wa Dawson. Anaitwa Albert Forrest, kijana ambaye hata miaka 20 hajafika, katembea vile, kasafiri vile, halafu anasimama golini paki zinamjia tu (paki ni kile kisahani cha raba ngumu wanachopiga, kinagandishwa kabla ya mechi kisidundedunde) na magazeti ya siku zile yakamsifu pamoja na mvua yote ile ya magoli. Mtoto aliyewahi kuwa kipa shuleni anamwelewa Albert palepale, hahitaji kuelezwa.

Ndo maana nikianza utafiti natafuta kwanza umri. Nani hapa alikuwa na miaka 9? Nani alikuwa na miaka 14? Ukitafuta kweli unawapata. Abby Hoffman wa Toronto alikuwa na miaka 8 alipojiandikisha kwenye ligi ya wavulana mwaka 1955, nywele fupi, jina akaandika Ab, akapangwa beki na akacheza vizuri mpaka akachaguliwa kwenye timu ya nyota wa ligi, na hapo ndo cheti cha kuzaliwa kikaangaliwa wakakuta kumbe ni msichana. Akawa habari ya magazetini. Baadaye aligeukia riadha, akakimbia mita 800, Olimpiki 4 kuanzia 1964, na mwaka 1976 Montreal yeye ndiye aliyebeba bendera ya Kanada. Wasichana wakifika hapo wanarudi kurasa za nyuma kuangalia tena alifanyaje kuhusu jina, nimewaona.

Halafu Willie O'Ree. Kila kitabu kinasema mchezaji mweusi wa kwanza NHL (ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini), tarehe 18 Januari 1958, Boston Bruins ugenini Montreal, wakashinda 3 kwa 0. Sawa, ni kweli, lakini mtoto anaisoma anapita. Mimi naanza na jicho. Mwaka 1955 hivi paki ilimpiga jicho la kulia likabaki karibu halioni kabisa, na akanyamaza, maana wakijua hachezi tena. Sasa huyu mtu anacheza winga ya kushoto, pasi zinatoka kulia kwake, upande uleule asioona, kwa hiyo ilibidi ageuze shingo karibu yote mpaka begani ili jicho la kushoto lilione paki huku anateleza kwa spidi na mabeki wanamvizia. Nawaambia watoto wasimame, wafumbe jicho la kulia, wadake mpira unaotoka upande huo. Baada ya hapo matusi aliyokuwa anatukanwa na mashabiki kwa sababu ya rangi yake wanayapima kivingine kabisa, wanaona alikuwa amebeba vitu viwili kwa wakati mmoja.

Na hakuanza yeye. Kule Halifax, Nova Scotia, viongozi wa makanisa ya Kibaptisti ya watu weusi walianzisha ligi yao tangu 1895, miaka 22 kabla NHL haijazaliwa. Ligi nzima! Vitabu vingi vya watoto vinairuka, vinaanza Montreal 1875 kwenye ile mechi ya kwanza kupangwa ichezwe ndani ya ukumbi, Victoria Rink, walipotumia kisahani cha mbao badala ya mpira, vinadandia NHL 1917, basi. Mimi Halifax naipa sura yake, tena mapema, sio kibox pembeni ya ukurasa.

Vifo navyo naviandika. Fainali ya Kombe la Stanley ya 1919 huko Seattle haikuisha kwa sababu ya homa ya mafua iliyoua watu duniani kote, Joe Hall, mchezaji wa Montreal, akafariki, na ukiliangalia kombe lenyewe utakuta mwaka huo umechorwa kwamba mashindano hayakumalizika. Sentensi nne zinatosha, mtoto wa miaka 10 anazielewa.

Kinachonitoa jasho sasa hivi ni Fred Sasakamoose, Mkrii (Wakrii ni wenyeji wa asili wa Kanada) wa Saskatchewan aliyecheza mechi 11 za NHL akiwa na Chicago msimu wa 1953-54. Babu yake ndiye aliyemwanzisha kuteleza, halafu Fred akachukuliwa akiwa mdogo kupelekwa shule ya bweni ya serikali na kanisa, zile zilizowatenga watoto wa wenyeji wa asili na wazazi wao na lugha zao, na yeye mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba aliumizwa sana humo. Hukohuko ndo akawa mchezaji hodari. Ni rahisi sana kuandika kwamba shule ilimpa hoki, na hiyo sentensi siitaki kwenye kitabu changu. Kwa hiyo sura inaanza na babu, barafu ya nyumbani na gongo la kuchonga kwa mkono, kisha lori linakuja kuchukua watoto, na Chicago inasubiri mpaka hayo yote yasemwe kwa maneno ambayo mtoto wa miaka 9 anaweza kuyasoma mwenyewe kwa sauti.