Kukadiria titani-44 ya Cassiopeia A

Ukitaka kujua supanova (mlipuko wa nyota) ilipika nini karibu na kitovu cha nyota, kama ile iliyoacha masalia ya Cassiopeia A, fuata titani-44, aina ya titani yenye mionzi. Nikeli-56 hupungua nusu kila siku 6, na kobalti-56 inayotokana nayo kila siku 77. Kwenye masalia ya miaka mia tatu na ushee zote zimekwisha. Alumini-26 nayo ina nusu-maisha (muda wa kupungua nusu) ya miaka 700,000 hivi, hivyo miale yake imechanganyika na ya milipuko ya kale. Titani-44, yenye miaka 59, ndiyo inayofaa.

Kiini chake hudaka elektroni, kikawa skandi-44 na kutoa miale ya 68 na 78 keV (keV ni kipimo cha nishati ya mwale). Baada ya saa chache skandi huwa kalsi-44, ikitoa mwale wa 1157 keV, ule ulioonwa na COMPTEL, darubini ya miale ya gamma iliyokuwa angani, mwaka 1994.

Cassiopeia A ina umri wa miaka 340 hivi na iko umbali wa miaka ya nuru 11,000. Kwenye 68 keV tunapokea kama fotoni (chembe za nuru) 2 kwa sentimita ya mraba kila sekunde 100,000: zaidi ya siku nzima! Zidisha mtiririko huo kwa 4πd² (d ni umbali kwa sentimita), upate viini 3 × 10⁴⁰ vinavyooza kila sekunde. Zidisha tena kwa wastani wa maisha ya kiini (nusu-maisha ikigawanywa kwa 0.693), miaka 85 (igeuze iwe sekunde), upate viini vilivyopo. Hivyo ni asilimia 1.8 tu ya vya mwanzo, kwa hiyo gawa kwa 0.018, kisha zidisha kwa uzito wa kiini kimoja. Jibu linakuja takriban 0.00015 ya uzito wa Jua.

Nusu-maisha ndiyo inayoharibu hesabu kuliko kitu kingine. Vipimo vya kabla ya 1998 vilitofautiana sana. Ukiweka miaka 47, jibu linazidi mara mbili. Kosa la asilimia 10 kwenye umbali huleta kama 20.

Lililo gumu zaidi ni hili: titani iliyovuliwa elektroni zote haina cha kudaka, kwa hiyo haiozi. Wimbi la mshtuko linalorudi ndani hupasha mata joto la kutosha kuivua elektroni nyingi, na ikibaki na moja tu, kasi ya kuoza hushuka hadi karibu nusu. Kwa hiyo ramani ya 2014 ya NuSTAR, darubini ya eksirei iliyo angani, ilikuwa na thamani kubwa: sehemu nzuri ya titani bado imo ndani, haijapitiwa na wimbi hilo, na kwa sehemu hiyo nusu-maisha ya maabara inatumika bila marekebisho.