Vita vimeisha, halafu?

Nimemaliza Forever Free, riwaya ya kisayansi ya Joe Haldeman (1999), nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, na kwa kweli mwisho umenikera. Wapo wanaoihesabu kuwa ya tatu katika mfululizo wake, baada ya The Forever War (1974) na Forever Peace (1997), ingawa hiyo ya katikati ni hadithi nyingine kabisa.

Ila nusu ya kwanza, aisee! Askari wastaafu, Mandella na mkewe Marygay, wanalea watoto kwenye sayari yenye baridi kali, na hakuna anayejua awafanyie nini wastaafu hao. Vitani walisafiri kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Kwa kasi hiyo muda huenda polepole: kwao ilipita miaka michache, duniani zaidi ya 1,000. Sasa wanataka kuichukua meli ya angani ya zamani na, kwa njia hiyohiyo, wakimbilie miaka 40,000 mbele. Haldeman mwenyewe alijeruhiwa Vietnam, na inaonekana.

Nikamkumbuka baba mkubwa. Alikwenda vita vya Kagera 1978, na Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwa huko. Ukimuuliza, atakusimulia mvua na matope, basi. Juzi nilimpa hadithi hii kibarazani kwake Temeke. Akasikiliza kimya, kisha: "Hao wanaotoroka, wake zao wamekubali?"

"Wanakwenda wote, baba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi hao hawakuchoka na vita. Wamechoka na majirani."

Mwenye The Forever War aniazime, jamani. Yangu niliazimisha, haijarudi.