Urefu wa visanamu katika diorama

Niliposimamisha visanamu sita vya askari kando ya lori la modeli katika diorama, yaani mandhari ndogo ya kuundwa kwa mkono, kimoja kilivizidi vingine kwa namna iliyonikera, nikataka kukitupa kabla ya kukipima. Nashukuru kwamba kalipa, kifaa cha kupimia milimita, ilikuwa karibu.

Katika skeli ya 1:35, yaani kila kitu kikiwa kimepunguzwa mara 35, mtu wa sentimita 175 huwa na milimita 50 kamili, wa sentimita 160 hukaribia milimita 46, na wa sentimita 190 hufika 54 na ushei. Kwa hiyo tofauti ya milimita 8 kati ya visanamu viwili vya skeli moja si kosa hata kidogo. Mimi hunitia shaka zaidi kikosi kizima kilicholingana kama matofali yaliyofyatuliwa katika kalibu moja.

Ila urefu wa watu hutofautiana zaidi miguuni kuliko kichwani. Kichwa cha mwanamume, kuanzia kidevuni hadi utosini, huwa karibu sentimita 23, awe mrefu au mfupi, yaani milimita 6.6 hivi katika skeli hiyo. Kichwa cha jitu langu kilikuwa na milimita 7.2. Nikapima na bunduki yake, Mauser Kar98k, ambayo kwa kweli ina sentimita 111 na ingepaswa kuwa na milimita 32. Ilikuwa na karibu 35. Hapo nikajua kwamba kisanamu hicho kilikuwa cha skeli ya 1:32, kilichojipenyeza katika kopo la masalio yangu.

Kukikata miguu kusingesaidia, kwa sababu kichwa na viganja vingebaki vilevile. Nilikibadilishia kichwa na bunduki kwa vya 1:35, nikavificha viganja kwa glavu nilizozichonga upya kwa puti, na sasa ni mtu wa kama sentimita 190, mrefu lakini wa kuaminika.

Kati ya vingine vitano, vilivyofanana mno, vitatu nilivikata mapajani kwa msumeno mwembamba. Viwili nilivipunguza milimita 1, ambayo ni sawa na sentimita 3.5 za mtu halisi, na kimoja nikakiongezea kipande cha plastiki cha nusu milimita, kisha nikaziba viungo kwa puti na kuchonga mikunjo ya suruali juu yake. Kimoja kati ya hivyo viwili nilikipunguza mguu wa kushoto kupita kiasi, ndiyo maana kimesimama juu ya jiwe.