Waya jozi mbili kwa spika moja: je, sauti inabadilika?

Spika yenye skrubu nne nyuma hukushawishi upeleke waya jozi mbili: moja ya wufa (kipaza cha sauti nzito), moja ya twita (kipaza cha sauti nyembamba). Kwa maoni yangu, huko ni kupoteza pesa bure.

Piga hesabu. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, urefu wa mita 3, kwenda na kurudi una ukinzani wa takriban omu 0.04. Kwa spika ya omu 8, sauti hupungua kwa desibeli 0.05 hivi; sikio halisikii tofauti hiyo. Jozi ya pili hupunguza hicho kidogo tu, kwani zote mbili zinatoka kwenye amplifaya ileile.

Angalia kwanza vile vibati vinavyounganisha skrubu za juu na za chini. Vikilegea au kushika kutu, twita hukwaruza au hunyamaza kabisa. Vitoe, weka vipande vya waya uleule, kaza.

Ukitumia amplifaya mbili, lazima vibati vitoke. Ukivisahau, amplifaya zitasukumana umeme na zinaweza kuungua. Na uzime kila kitu kabla ya kugusa waya.