Siku moja maishani mwangu: Agosti, Doha, jasho halikauki

Saa tisa usiku alamu inalia na sijui hata kama nililala. Tuko sita chumbani, eisi moja kuukuu inanguruma kama kinu cha posho. Naenda kuoga. Agosti huku bomba la baridi ndio linatoa maji ya moto, tangi liko juu ya paa linapigwa jua kutwa na usiku halipoi. Ujanja tulifunzwa na Wanepali: zima hita, tangi lake dogo liko ndani, kwa hiyo bomba la moto ndio unaogea ya baridi. Mgeni lazima aungue kwanza ndio aelewe, mimi niliungua.

Saa kumi basi. Saa kumi na moja tuko saiti, Lusail, kaskazini ya Doha, tunapanga kabro, yale matofali ya kutandika chini. Jua halijachomoza simu inasema nyuzi 34. Alfajiri!

Saa kumi na mbili miwani ishajaa ukungu. Watu nyumbani wakisikia nyuzi 45 wanashika vichwa, lakini mimi 45 ya Juni siiogopi sana, ile inakuja na shamali, upepo mkavu wa vumbi, jasho linakauka hata hujaliona. Agosti unyevu wa bahari umejaa hewani, hata nyuzi 38 zinakuzidi, jasho halina pa kwenda linateremka tu mpaka ndani ya buti na mwili haupoi. Nikivua soksi nazikamua kama nimezifua.

Ndio maana kuna kile kipimo chenye tufe jeusi la kupima ukali wa jua na utambi uliolowa wa kupima unyevu, vinachanganywa inatoka namba moja. Sheria ya Qatar ya 2021 inasema ikizidi 32.1 kazi isimame, saa yoyote ile. Mbali na hiyo, kuanzia 1 Juni mpaka 15 Septemba hakuna kazi juani saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Hiyo ya saa wetu wanaifuata, basi la kurudi halichelewi. Kipimo sasa... supavaiza alikuwa amekitundika nyuma ya kontena, kivulini. Kivulini jamani!

Saa mbili na nusu kijana wa pembeni yangu anapanga kabro juu chini. Namwita, kimya. Namwita tena, ananijibu Kinepali ambacho Wanepali wenzake wanatazamana tu. Nikamshika mkono, moto kama sufuria. Tukambeba mpaka kwenye basi lenye eisi, helmeti toa, buti toa, maji ya boksi la barafu shingoni na kwapani, mwingine anampepea na kadibodi. Kuna mtu alitaka kumnywesha maji nikakataa, mtu hajielewi utampalia bure. Tukapiga 999, wakaja wakamchukua.

Supavaiza hakusema neno. Alikwenda mwenyewe akatoa kipimo kivulini akakiweka juani, tukasimama wote tunakiangalia kama mpira wa penalti. 33.4. Tukakaa chini, saa tatu haijafika.

Mchana kampi, usingizi hauji. Mama akapiga, "Mwanangu unakunywa maji?" Nakunywa mama. "Hata huku kuna joto sana." Pole mama. Ya asubuhi sikumwambia.

Saa tisa na nusu tena juani. Mwiko niliusahau pale asubuhi, nikaukamata bila glavu, kiganja kina mstari mwekundu mpaka sasa naandika. Jua likazama ndio tukaambiwa yalla, basi. Kwenye basi tukapata habari kwamba kijana ameamka, kitu cha kwanza ameulizia simu yake.

Sasa saa tatu usiku, nyuzi 35. Eisi imeanza kudondosha maji kwenye kitanda cha juu. Mwenye kitanda hajalalamika, amegeuza kichwa kikae pale pale yanapodondokea.