Siku Moja ya Ramadhani Mikindani, Tukiwa na Mgeni Nyumbani

Jana, saa kumi kasoro robo usiku, nilikuwa nimekwisha kuwasha jiko la mkaa, kwa sababu hapa Mikindani adhana ya alfajiri huadhiniwa muda mfupi baada ya saa kumi na moja. Binti wa Kijerumani anayeishi kwetu, ambaye amekuja kujitolea kufundisha katika shule ya msingi, aliamka pia akatupakulia wali na maharage ya nazi, ingawa hakukusudia kufunga.

Saa moja aliondoka kwenda shuleni, nami nikaketi barazani kwenye cherehani. Kwa fundi nguo huu ndio mwezi wa kazi kuliko yote, maana kila nyumba inataka kanzu na magauni ya Idi, na kitambaa kilichonunuliwa leo Mtwara mjini hutakiwa kiwe kimeshonwa keshokutwa.

Aliporudi saa saba na nusu alikuta nimemfunikia chakula mezani. Jambo hili nalitilia mkazo, kwa kuwa mwanzoni alikuwa akijifungia chumbani na mkate, akidhani kwamba kula mbele yetu ni kutuvunjia heshima. Nilimwambia, "Mwanangu, nyumba hii haikosi mtu wa kula mchana." Watoto ambao hawajabaleghe hula, mgonjwa na msafiri wameruhusiwa na Kurani yenyewe kula na kulipa siku nyingine, nami pia ninazo siku ambazo sheria inanizuia kufunga. Majirani humsifu sana siku anapofunga, na najua wanafanya hivyo kwa mapenzi, lakini sipendi sifa hizo zimfanye ashinde na njaa ili atupendeze. Funga ni ibada yenye nia, na nia ya mtu haidaiwi na mwenyeji wake.

Kuanzia saa tisa tulikuwa jikoni, na hapo ndipo ninapomwona kuwa mtu wa nyumba hii hasa. Alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi, akachuja tui zito akaliweka kando, kisha akachuja la pili la kuchemshia muhogo, kwa kuwa tui zito hutiwa mwishoni ili lisikatike. Mimi nilikaanga samaki na kaimati, na binti yangu mkubwa akasimamia uji wa pilipili manga.

Magharibi iliingia baada ya saa kumi na mbili na nusu. Tulifungua kwa tende na maji, tukaswali, ndipo tukarudi mkekani. Mgeni alitueleza kuwa kwao, Ramadhani ikiangukia mwezi wa Juni, jua huzama baada ya saa tatu usiku. Mume wangu alistaajabu, kwani huku kwetu, hata mwezi ukirudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, funga hubaki kwenye saa 13 au 14.

Baada ya isha tulikwenda kuswali Tarawehe, naye akabaki na mtoto mdogo. Tuliporudi nilikaa tena kwenye cherehani, yeye akawa ananibania mapindo ya kanzu kwa pini mpaka saa tano, tukakubaliana kuwa nguo za wateja zote zimalizike kabla ya kumi la mwisho, yaani siku kumi za mwisho za Ramadhani, kwa sababu usiku wa siku hizo nataka kuutumia kwa ibada, si kwa kushona.