Kumbukumbu ya mradi: kulinda mapezi ya kuogelea yasiliwe na bwawa

Machi, masika bado hayajakolea

Leo nimeyatoa mapezi yangu marefu juani na kuyakagua kwa kucha, ukingo mzima, taratibu. Bapa, ile sehemu pana ya pezi inayosukuma maji, lina michirizi mingi lakini hiyo siihangaikii. Ni ya juu juu, haijapenya utomvu mgumu unaofunika nyuzi za faibaglasi, yaani nyuzi za kioo. Kazi iko kwenye ncha. Pezi la kulia, pembeni upande wa kidole gumba, nyuzi zimeanza kuchomoza: nyeupe, fupi, na zinachoma kidole. Zikifika hapo, maji huingia kati ya tabaka, na kila bapa linapopinda tabaka huzidi kuachana. Tena ukingo wa namna hiyo unaweza kumchana mguu mwenzako mnayepishana naye.

Pale bwawani wengi huilaumu klorini. Klorini ina kesi yake, na anayeishtaki kwa haki ni mwenye mapezi ya mpira, maana mpira hupauka na kukakamaa, kisha hupasuka pale unapokunjika. Kwa faibaglasi, mla ncha ni ukuta. Mapezi haya yana urefu wa karibu sentimita 80, kwa hiyo ukikunja magoti kugeuka, ncha ndizo zinazotangulia kugusa taizi, na ukijisukuma zinaburuzwa. Upande wa maji mafupi nako zinakwangua sakafu kwenye mistari ya grauti, ile saruji kati ya taizi. Lakini pabaya kuliko pote ni pale nje pembeni, zege limeachwa na ukakasi makusudi ili watu wasiteleze. Kwa mapezi, ile ni msasa mtupu.

Kwa hiyo mradi wenyewe ni mdogo: sifuniki bapa lote, nalinda ncha na sehemu ya kingo zilizo karibu nayo. Ukilivika bapa zima unaliongezea uzito na kuliharibia mpindo wake, na mpindo ndio uliokufanya ununue pezi refu.

Aprili

Nimeanza na matengenezo. Msasa wa maji namba 400, halafu 800, vyote ndani ya beseni la maji. Faibaglasi usiisugue kavu hata kidogo: vumbi lake si la kuvuta, na likikushika mikononi utajikuna usiku kucha. Nyuzi zilipolala nikapaka gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili unayochanganya nusu kwa nusu, safu nyembamba tu, nikaiacha hadi kesho yake. Ukipitisha kidole sasa hakuna kinachokwama.

Ukanda wa kinga nimeupata kwa fundi baiskeli Kariakoo. Tyubu iliyochoka, yenye viraka vingi, ambayo alikuwa ataitupa. Ukiipasua kwa urefu utakuta ndani ina unga mweupe kama wa poda. Huo uoshe kwa sabuni mpaka uishe, la sivyo gundi ya viraka inashika unga badala ya mpira. Nilikata ukanda wa sentimita 2 ili ukunjike nusu juu na nusu chini ya ukingo. Nikaomba anionyeshe anavyobandika viraka.

“Kaka, kosa la wengi ni haraka. Paka huku na huku, halafu iache. Ukiigusa isikunate kidoleni, hapo ndipo ubandike, na ukishabandika usiisogeze tena.”

Kwa hali hii ya hewa ya masika gundi ilichukua muda mrefu kukauka kuliko alivyoniambia, nami nikaisubiri. Jambo jingine nililoligundua mkononi: ukanda usiuvute sana wakati wa kubandika. Ukiuvuta, mpira unataka kurudi ulikotoka, na miisho ndiyo inayoachia kwanza. Uvute kidogo tu, kiasi cha kuondoa mikunjo kwenye kona.

Pezi la kushoto nililifunga tepu ya umeme, makusudi, nipate kulinganisha.

Mei

Jibu limekuja mapema. Tepu imelainika gundi, imeteleza, na imeacha utandu unaonata ambao ulinichukua muda kuusafisha. Tyubu ipo palepale. Kwenye kona imelika kidogo, sehemu inayogusa ukuta, na hivyo ndivyo nilivyotaka: iliwe yenyewe, bapa libaki. Pezi la kushoto nalo sasa limevikwa tyubu.

Mwenye mapezi ya silikoni asifuate njia hii. Gundi ya viraka haishiki silikoni.

Kocha wetu naye amenisaidia zaidi ya gundi. Ameniambia nikifika ukutani niguse kwa mkono, nigeuke kwa ubavu, na nijisukume unyayo ukiwa umelala wote ukutani. Hapo ncha hazitangulii kugusa ukuta. Na mapezi navaa nimekaa ukingoni, miguu ikiwa tayari ndani ya maji; kutembea nayo juu ya zege nimeacha kabisa, hata hatua mbili.

Nje ya bwawa kuna safari. Basi la mwendokasi la jioni linavyojaa unalijua, na kwenye bodaboda ncha zilikuwa zinachungulia nje ya begi. Nimeshonesha mfuko wa kitenge, ndani una sponji za vipande nilizopata kwa wauza magodoro, na kuna ukuta wa kitambaa katikati ili pezi lisisugue pezi. Fundi cherehani alidhani ni mfuko wa gitaa. Nyumbani mapezi yanalala, hayasimamishwi kwa ncha, kwa sababu bapa hujifunza kupinda vibaya kwa joto la Dar.

Kusuuza nasuuza kila nikitoka, lakini si kwa maji ya kisima chetu, maana yana chumvi. Nabeba chupa ya maji ya bomba yasiyo na chumvi, nayamwagia mapezi hadi ndani ya kiatu chake, pale mguu unapoingia, kisha nayafuta na kuyaanika kivulini.

Kinachofuata ni mapezi mafupi ya mpira ambayo watoto wa mazoezi ya Jumamosi wanaazimana. Mengi yameanza kuchanika kisigino, na kabla ya kubandika chochote nataka kujua kama mpasuko ukizibwa kwa kiraka cha tyubu utastahimili kuvutwa kila wanapoyavaa. Jozi moja iliyoharibika kabisa nimeshapewa ya kufanyia majaribio.